Walimu wawili kufundisha pamoja mtoto akiwa nyumbani: tuliyoyapata Dodoma mwaka 2020. Nyie wa vitengo vingine vya elimu maalum mlifanyaje?

#1 Madam wa Kitengo

Wakuu, habari za jioni.

Juzi tumeletewa mwalimu mgeni, kijana wa watu kamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mchapakazi. Tukiwa ofisini tunasahihisha madaftari akaniuliza, "Mama, hivi kipindi kile cha korona watoto wa kitengo mliwafundishaje?" Nikamjibu kwa mkato, "Tulihangaika tu mwanangu." Usiku usingizi ukakata. Nikaona bora niyaandike yote hapa, maana wenzangu wengi walipita njia hiyohiyo na sijaona mahali tulipokaa tukaelezana.

Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nimesoma chuo cha ualimu cha Patandi, nafundisha shule ya msingi yenye kitengo hapahapa mkoani. Jina la shule liacheni. Watoto wetu ni mchanganyiko: wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi wachache, wenye ulemavu wa akili na mmoja mwenye usonji. Kuanzia darasa la tatu wengi wao wanakaa darasa moja na wenzao, na hapo ndipo tunaingia walimu wawili: mwalimu wa somo na mimi. Darasani tulishazoeana. Yeye akiandika ubaoni mimi najua niende kwa nani, na akiona nimenyanyua mkono anajua apunguze kasi.

Machi 17, 2020 shule zikafungwa. Zilikuja kufunguliwa Juni 29. Watoto wa bweni wakatawanyika kila mmoja na kwao, wengine mbali sana, mashine za nukta nundu, yale maandishi wasioona wanayosoma kwa vidole, zikabaki zimefungiwa stoo.

Nianze na kosa letu. Mwenzangu wa Hisabati alikuwa anatunga somo, analituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, halafu saa tatu usiku ananiandikia, "Madam naomba uwarekebishie watoto wako." Hakuwa na ubaya hata kidogo, na mimi nilipokea kama kazi yangu. Lakini angalieni kilichotokea. Nikimaliza kurekebisha ni kesho yake mchana, na wakati huo darasa limeshatumiwa somo jingine. Kwa hiyo mtoto asiyeona alikuwa nyuma kwa somo moja siku zote, wala si kwa sababu haelewi. Na lile neno "watoto wako" likatugawa. Mwezi mmoja nyuma walikuwa watoto wetu.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa somo la sehemu, darasa la nne. Ujumbe ulisema: "Tazama mchoro namba 2, tia rangi robo ya duara." Nikapiga simu kwa mama wa binti yetu mmoja asiyeona. Mama yuko shambani, ni msimu wa kuamia ndege, kweleakwelea wako juu ya uwele, nasikia anapiga debe huku anaongea na mimi. Nikamsomea ujumbe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwalimu, huo mchoro kwake ni kitu gani?"

Sikuwa na jibu. Nikakata simu, nikampigia mwenzangu palepale, tukakaa hewani mpaka salio likaisha, akapiga yeye. Tukalivunja lile somo lote, tukalijenga upya. Likawa hivi: chukua karatasi ya daftari kuukuu. Ikunje katikati, bana mkunjo kwa ukucha. Ikunje tena katikati, bana. Ifungue. Pitisha kidole kwenye mikunjo, hesabu vyumba. Viko vingapi? Chumba kimoja katika hivyo vinne kinaitwa robo. Viwili je?

Tukatuma kwa meseji ya kawaida. Jioni ile simu yangu haikupumzika, na waliopiga sio wazazi wa kitengo peke yao. Mzazi wa mtoto anayeona vizuri kabisa ananiambia, "Mwalimu leo ndio tumeelewa." Ndipo tukagundua kwamba wazazi waliokuwemo kwenye grupu hawakufika hata robo ya darasa lile. Wengine walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Ile michoro ya wiki tatu haikuwafikia kabisa, wakawa wanaona aibu kusema. Kwenye kitochi, ndugu zangu, kila mtoto haoni mchoro. Somo tulilolitunga kwa ajili ya binti mmoja asiyeona ndilo lilikuwa somo pekee lililowafikia wote.

Tangu siku hiyo tukabadili mpangilio. Jumapili saa kumi jioni, kabla yeyote kati yetu hajashika kalamu, tunapigiana simu. Yeye ana azimio la kazi na kitabu, mimi nina daftari langu la watoto. Ananiambia wiki hii anataka wajue nini. Namwambia nani atakwama wapi. Ndipo tunatunga, pamoja. Hakuna tena kurekebisha, kwa sababu hakuna kilichotoka kabla yangu.

Mliosoma elimu maalum mnazikumbuka zile namna sita za walimu wawili kufundisha pamoja, za akina Marilyn Friend na Lynne Cook wa Marekani. Darasani sisi tulikuwa tunaitumia zaidi ile ya mmoja kufundisha na mwingine kuzunguka akisaidia. Watoto wakiwa nyumbani hiyo inakufa siku ya kwanza, maana hakuna pa kuzungukia. Iliyotubeba ni ile ya mmoja kuchukua kundi dogo. Mwenzangu anabaki na darasa zima kwa meseji, mimi nachukua watoto watatu kwenye simu moja ya pamoja kwa dakika ishirini, kesho tunabadilishana: yeye anachukua hao watatu, mimi nawapigia wale wengine walio nyuma. Huko kwao kwenye Zoom wanawatenga watoto kwenye vyumba vidogo. Sisi chumba chetu kilikuwa vocha ya buku.

Hayo ndiyo ya kwetu. Viziwi sijawagusa kwa sababu hapo tulishindwa vibaya mwanzoni, na najua humu wamo wanaojua zaidi. Karibuni.

#2 Mpwapwa Kijani

Asante sana Madam. Hapo kwenye "watoto wako" umenigusa. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili, mwalimu wa Kiswahili, na nilikuwa natuma saa nne usiku. Nilidhani namsaidia mwenzangu kwa kumtumia kitu kilichokamilika. Sikujua kwamba kikishakamilika hana pa kuingilia.

#3 Baba Kigwe

Mbukwenyi wapendwa. Mimi si mwalimu, ni mzazi, mkulima na mfugaji wa huku Bahi. Kijana wangu ni kiziwi, alikuwa anasoma bweni. Madam umesema viziwi hujawagusa, basi niseme niliyoyaona.

Mwezi wa tatu alirudi na begi lake. Shuleni anaongea kwa mikono mpaka unafurahi kumtazama. Nyumbani mama yake anajua ishara za chakula, maji, ng'ombe, njoo, lala. Mimi najua pungufu ya hizo. Mwalimu akipiga simu, tunaongea mimi na yeye, mtoto anatutazama midomo. Mpaka mwezi wa tano nikaona hata zile ishara zake anaanza kuzipunguza, anatumia za mama yake tu. Hilo liliniuma kuliko hesabu.

Walimu wake wawili wakarekodi masomo. Sina simu janja, wakaniwekea kwenye memori kadi, ikaja na basi. Tukaenda kwa fundi simu pale sentani, ana simu kubwa, akatuwekea hapo kwenye kibanda chake anapochajia watu. Mwalimu mmoja yuko katikati anaonyesha mbegu, udongo, mche. Mwalimu wa lugha ya alama yuko pembeni kabisa, mdogo, nyuma yake dirisha. Mikono yake ilikuwa myeusi tu, kama kivuli. Kijana akaisogelea simu mpaka pua inagusa kioo. Akatazama, akatazama. Halafu akaniangalia mimi, akaenda kukaa nje.

Nikawapigia walimu nikawaambia ukweli. Hawakuchukia. Kadi ya pili ilipokuja, wametoka nje chini ya mti, wako sawa kwa ukubwa, mwanga uko usoni. Hapo fundi mwenyewe aliacha kazi akaja kutazama, na watoto wengine wakajazana. Siku ile kijana alinifundisha mimi ishara ya mvua.

#4 Madam wa Kitengo

Baba Kigwe, asante mno. Umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Na sisi kosa letu lilikuwa hilohilo, tena na jingine juu yake. Mtoto kiziwi ana macho mawili tu, na ndiyo hayohayo masikio yake. Mwalimu wa somo akionyesha mche huku mwalimu wa alama anaongea, mtoto lazima achague: atazame mche au atazame mikono. Vyovyote atakavyochagua, kuna nusu ya somo inampita. Mtoto anayesikia hafanyi uchaguzi huo, anatazama mche na sauti inamwingia tu. Kwa hiyo tukakubaliana: mmoja akisogea, mwingine anaganda. Unaonyesha mche, unahesabu kimoyomoyo mpaka tano, unaushusha. Ndipo mikono inaanza. Mikono ikimaliza, mche unarudi juu. Mwenzangu wa Sayansi, mtu wa maneno mengi, alipata tabu sana kunyamaza. Lakini alipojifunza, aliniambia hata darasa lake la kawaida limetulia.

Mengine ni madogo ila msiyapuuze. Dirisha liwe usoni kwenu, si mgongoni. Shati la rangi moja, lisilo na maua, lipishane na rangi ya ngozi ili vidole vionekane. Kamera isikate mikono ikishuka kiunoni. Video iwe ya dakika tatu au nne, ikizidi hapo bando la mzazi linaisha kabla ya somo.

#5 Nukta Sita

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mwalimu, na ni mtu asiyeona. Natumia programu ya kusoma kwa sauti, hivyo mkinijibu naomba msiweke picha ya maandishi, andikeni.

Madam, umesema mashine zilibaki stoo. Kwetu pia. Mtoto wa darasa la pili ambaye ndiyo kwanza anaanza kuzishika nukta, ukimwacha miezi mitatu bila kugusa chochote, vidole vinasahau. Mimi na mwalimu mwenzangu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tulitumia trei ya mayai. Mzazi anakata kipande chenye mashimo sita, matatu kushuka kushoto, matatu kushuka kulia. Kushoto kuanzia juu ni moja, mbili, tatu. Kulia ni nne, tano, sita. Hiyo ndiyo seli ya nukta nundu, imekuwa kubwa tu. Kisha kokoto.

Mwenzangu anayeona alikuwa anapiga simu, anasema neno na kulitamka silabi kwa silabi kama anavyofanya na darasa lote. Mimi niko kwenye simu hiyohiyo, nasema mashimo. "Ma. Herufi m: weka kokoto shimo la kwanza, la tatu na la nne. Herufi a: la kwanza peke yake." Mtoto anapanga, anapapasa, anatuambia. Bibi yake, ambaye hajawahi kusoma darasa lolote, alikuwa amekaa pembeni anashika trei isisogee. Wiki ya tatu tunamsikia bibi anamsahihisha mjukuu: "Hapana, hiyo ni ya kwanza na ya tatu tu, hiyo ni k."

Ninachotaka kusema ni kwamba sauti zilikuwa mbili na kila moja ilikuwa na kazi yake. Ningekuwa peke yangu ningefundisha nukta bila kusoma. Angekuwa yeye peke yake angefundisha kusoma bila nukta.

#6 Mdau Kongwa

Naheshimu michango yenu walimu, lakini niseme la moyoni. Haya yote yanawezekana mahali penye kitengo. Mimi nipo shule ya kijijini, darasa la tano lina watoto karibu tisini, mwalimu wa elimu maalum hatuna na sijawahi kumwona. Huyo wa pili nitamtoa wapi? Na hizo vocha, nani alikuwa anawarudishia? Mshahara wa mwalimu tunaujua. Tusije tukawajengea wenzetu mzigo kwa jina la upendo.

#7 Madam wa Kitengo

Mdau Kongwa, la vocha ni kweli tupu. Ilitoka mfukoni mwetu na iliuma. Kuna wiki nilipunguza mboga nyumbani nikanunua salio, na sisemi hivyo ili nisifiwe. Lilikuwa kosa kwamba iwe hivyo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu kama mwenzake, na haki haiwezi kutegemea kama mwalimu ana buku mbili siku hiyo. Vocha iwekwe kwenye bajeti ya shule kama chaki. Nalisema hili kila kikao, na nitaendelea.

Ila hilo la pili, la kutokuwa na mwalimu, naomba tulitazame tena. Mimi na mwenzangu wa Hisabati kwa miezi ile hatukuonana uso kwa uso hata mara moja. Kazi yote tuliifanya kwa simu. Sasa kama niliweza kutunga somo na mtu aliyekuwa Nkuhungu, Dodoma mjini, mimi niko huku kijijini, kwa nini nisiweze kutunga na wewe uliye Kongwa, leo, shule zikiwa wazi? Huyo mtoto wako yupo darasani na wewe. Mikono na macho ni yako. Unachohitaji kwangu ni ile saa moja ya Jumapili. Siku hizi tuna hata vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, vingi vinatumika kwa ripoti tu.

#8 Mwanachuo wa Chimwaga

Shikamooni walimu. Mimi niko mwaka wa pili elimu maalum. Naomba kuuliza kuhusu mtoto mwenye usonji, Madam umesema mlikuwa naye mmoja. Yeye mlimfikiaje kwa mbali? Darasani tunafundishwa umuhimu wa ratiba, lakini nyumbani ratiba inavunjika yote.

#9 Madam wa Kitengo

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali zuri.

Yule kijana kila asubuhi saa kumi na mbili alivaa sare, akabeba begi, akakaa mlangoni. Mama yake anamwambia shule imefungwa, haelewi, maana kwake asubuhi ni shule. Ikifika saa mbili bila kwenda anaanza kupiga kichwa ukutani. Mama alinipigia analia.

Niliwaza masomo, nikawaza picha za kupanga, nikawaza kila nilichofundishwa. Aliyepata dawa ni mwenzangu wa Hisabati, ambaye hajasoma elimu maalum hata siku moja. Yeye anakaa nyumba ya mwalimu, hatua chache kutoka shuleni. Kengele yetu ni ringi ya gari imening'inizwa kwenye mwarobaini. Akaniambia, "Madam, huyu mtoto hasubiri somo, anasubiri kengele."

Kesho yake saa mbili kasoro akampigia mama, akamwambia aweke sauti kubwa, akasogeza simu kwenye ringi, akaigonga kama siku zote: tatu za haraka, moja ndefu. Mama anasema mtoto aliinuka, akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka, akafungua begi. Mimi nikaingia hewani na kazi ya dakika kumi: kupanga vijiko na vikombe kwa idadi. Kisha mwenzangu anagonga ringi tena, ya kutoka. Mtoto anavua sare.

Alifanya hivyo kila siku ya kazi mpaka shule zilipofunguliwa. Siku mbili aliumwa, akamtuma mke wake akagonge.

Kwa hiyo mwanangu, ukienda kazini usije ukadhani wewe ndiye unayemjua mtoto na mwenzako anajua somo tu.

#10 Mpwapwa Kijani

Nimesoma hiyo ya kengele nikamsomea na mke wangu.

#11 Mdau Kongwa

Madam, nimekaa na jibu lako tangu jana. Sikuwa nabisha kwa ubaya, ni uchovu.

Nina binti mmoja darasa la tano, nadhani ana uoni hafifu. Huwa anainamisha kichwa upande mmoja akisoma, na akiandika anaruka mistari. Nilikuwa namgombeza kwa mwandiko. Jumapili hii nina nafasi. Tuanze na nini?

#12 Madam wa Kitengo

Mdau Kongwa, ubarikiwe. Nimekutumia namba yangu inbox. Tuanze na somo lako la Jumatatu, lolote lile, ila kitabu cha mwanafunzi uwe nacho mkononi.

Kabla ya hapo, kesho nifanyie mambo mawili. Muulize anaona vizuri akikaa upande gani wa darasa, asubuhi na mchana, maana jua linahama na mng'ao wa ubaoni unahama nalo. Usimchagulie, mwache atembee ajaribu madawati yote. La pili, chukua kalamu nene nyeusi, andika sentensi moja kwenye karatasi nyeupe kwa herufi za ukubwa wa kidole gumba, nyingine nusu yake, nyingine nusu ya hiyo. Aisogeze mwenyewe karibu anavyotaka, uniambie aliishia ipi.

Na mistari ya daftari mkolezee kwa kalamu hiyohiyo, mmoja ruka mmoja. Halafu mwambie mzazi ampeleke hospitali ya wilaya akapimwe macho. Jumapili saa kumi jioni nitapiga mimi.